Ree na kumi, mmebaki wanne, wanaolipwa watatu: mimi ningetupa

Mkuu, pole kwa Jumapili. Nirudie kwanza ulichouliza, ili anayeingia sasa hivi asipotee. Mlikuwa kumi kwenye mashindano ya poka, kila mmoja katoa 20,000. Wa kwanza anachukua 100,000, wa pili 60,000, wa tatu 40,000, wa nne anaondoka mikono mitupu. Kila mtu alianza na chipu 10,000. Mmebaki wanne: jamaa wa blaindi ndogo (blaindi ni chipu za lazima ambazo wawili wanaweka kabla ya kuona karata) ana 40,000, wewe wa blaindi kubwa una 30,000, wengine wawili wana 20,000 na 10,000. Blaindi ni 1,000 na 2,000. Wale wawili wakatupa karata zao, jamaa akasukuma chipu zote, wewe ukafunua ree ya shupaza na kumi ya kopa, ukafuata, yaani ukaweka zako zote. Akaonyesha tisa mbili, yaani jozi ya tisa, zikasimama mpaka mwisho, ukatoka wa nne, na unauliza kama ulikosea kufuata.

Waliokujibu kabla yangu wanasema ni bahati tu, ilikuwa karibu nusu kwa nusu. Ni kweli, ree-kumi dhidi ya tisa mbili ina kama asilimia 45. Lakini kosa lilishafanyika kabla jamaa hajafunua karata zake, na lingebaki kosa hata kama ree ingetua mezani.

Tuanze na hesabu ya chipu ambayo wengi wanaijua. Ulishaweka 2,000, unatakiwa kuongeza 28,000 ili ugombee 60,000. Ishirini na nane gawa kwa sitini ni kama asilimia 47: hiyo ndiyo nafasi ya kushinda unayohitaji. Ukiishia hapo, ree-kumi inaonekana halali kabisa, maana jamaa wa blaindi ndogo mwenye chipu nyingi anaweza kusukuma na karata za aina nyingi tu.

Tatizo ni kwamba huchezei chipu. Unachezea ile 100,000, 60,000 na 40,000, na chipu hazibadiliki kuwa pesa kwa bei moja. Wachezaji wana njia ya kuzibadilisha, wanaiita ICM. Inafanya hivi: nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni sehemu ya chipu ulizonazo. Una 30,000 kati ya 100,000, basi ni asilimia 30. Kisha unamtoa kila anayeweza kushika nafasi ya kwanza, unarudia hesabu hiyohiyo kwa waliobaki ili upate nafasi ya pili, kisha ya tatu, halafu unazidisha kila nafasi kwa zawadi yake. Nimekaa na daftari nikaipiga kwa meza yako. Kabla ya mgao ule ulikuwa na thamani ya kama 59,000. Ukitupa, ukabaki na 28,000, thamani yako ni kama 57,100. Ukifuata ukashinda, una chipu 60,000 na thamani yake ni kama 80,900. Ukifuata ukashindwa, sifuri.

Tazama hapo taratibu. Chipu zimeongezeka mara mbili, pesa imeongezeka kwa zaidi kidogo ya theluthi. Ili kufuata kuwe sawa na kutupa unahitaji 57,100 gawa kwa 80,900, yaani karibu asilimia 71. Siyo 47.

Sasa ipime ree-kumi yako kwa 71 hiyo. Dhidi ya mfalme-malkia una kama 60. Dhidi ya ree-malkia hufiki 30. Hata dhidi ya ree-tano, ambayo umeibana vizuri, uko kwenye 70 hivi. Na tuseme jamaa kasukuma bila hata kuangalia karata zake, chochote alichogawiwa: ree-kumi ya maua tofauti ina kama 63. Bado haitoshi. Ree na mfalme dhidi ya karata zozote ni kama 65, nayo haitoshi. Nane mbili zinakaribia, tisa mbili ndizo zinavuka. Nilipoiona hesabu hii mara ya kwanza sikuamini, nikaifuta nikaanza upya.

Naielewa hali uliyokuwa nayo kwa sababu yalinikuta hayohayo. Sisi tunacheza kwa rafiki yetu Kirumba, Mwanza, nyumba iko kwenye miamba, ukikaa barazani unaona taa za wavuvi wa dagaa ziwani usiku wa giza. Siku hizo hatukuwa na chipu za kununua, tulichezea vizibo vya soda, vyekundu mia tano, vya njano elfu moja. Tulibaki wanne. Mzee mmoja, mtu wa Ukerewe, alikuwa na vizibo vitatu vya njano mbele yake, kavipanga mstari mmoja, anavisogeza kwa kidole wala haongei. Mimi nilikuwa wa pili kwa wingi. Anayeongoza akasukuma, mimi nina ree na mfalme, nikafuata kabla hajamaliza kutoa mkono mezani. Alikuwa na tano mbili. Zikasimama. Nikatoka, na yule mzee wa vizibo vitatu akalipwa nafasi ya tatu.

Nilirudi nyumbani nikisema ni bahati mbaya, maana nilikuwa na kama asilimia 45 na kitu. Kilichonifungua macho ni biashara. Nauza dagaa pale soko la Mwaloni. Mtaji wangu ukiisha leo, kesho alfajiri sina cha kwenda kufanya pale, hata dagaa zikishuka bei namna gani. Mtaji ukiongezeka mara mbili, faida haiongezeki mara mbili, kwa sababu nafasi ya kuanikia ni ileile, na mvua ikinyesha juu ya dagaa zilizotandazwa, mzigo mkubwa nao unageuka chakula cha kuku. Hakuna mfanyabiashara pale anayeweka mtaji wote kwenye nusu kwa nusu huku jirani yake yuko mbioni kufunga. Anasubiri jirani afunge. Mezani nilikuwa nafanya kinyume chake kila wiki.

Na jirani yako alikuwepo: yule wa 10,000. Blaindi 1,000 na 2,000 mkiwa wanne, kila mzunguko unamla 3,000. Ana mizunguko mitatu hivi kama hafanyi lolote. Ulipofuata, ulimpa yeye na yule wa 20,000 zawadi bila wao kuweka hata chipu moja. Jamaa wa 40,000 analijua hili, ndiyo maana anakusukuma wewe: anajua wewe ndiye mwenye cha kupoteza, na yeye hata akishindwa anabaki na 10,000.

Lakini usiondoke hapa ukidhani nasema utupe kila kitu. Geuza meza: aliyesukuma kutoka blaindi ndogo ni yule wa 10,000, wewe blaindi kubwa na ree-kumi ileile. Unaongeza 8,000 kugombea 20,000, kwa chipu unahitaji 40. Kwa pesa, nimeipiga, unahitaji kama 44 tu, kwa sababu ukishindwa unabaki na 20,000 na ukishinda wote watatu mmeshalipwa. Hapo fuata bila kusita. Mkibaki wawili pia, hesabu ya pesa inaungana na ya chipu, 47 ile inarudi kuwa 47.

Upande wa pili uko hivi: kuna mashindano ambayo zawadi zote zinalingana, kwa mfano tiketi za kuingia mashindano makubwa. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, alipata nafasi yake kwenye mashindano makubwa ya dunia ya poka ya 2003 kupitia mashindano ya tiketi mtandaoni, akaenda kushinda dola milioni 2.5 Las Vegas. Kwenye meza ya tiketi, ukiwa na chipu nyingi na kuna mtu anakaribia kufa, kuna wakati kutupa hata ree mbili ndiko sahihi.

Mezani huwezi kutoa daftari, najua. Mimi ninachofanya ni kuhesabu chipu za kila mtu kabla karata hazijagawiwa, siyo baada ya mtu kusukuma, maana baada ya hapo moyo unadunda na macho yanaona ree tu. Najiuliza: huyu akisukuma, nikishindwa nabaki na ngapi? Kama jibu ni sifuri na kuna mtu mwenye chipu chache kuliko mimi, nafuata na jeki mbili kwenda juu, basi. Nikimjua kuwa ni mtu wa kusubiri karata, hata jeki natupa. ICM nayo ina upofu wake: haijui nani anacheza vizuri kuliko mwenzake wala blaindi inaelekea kwa nani, kwa hiyo namba zangu zichukue kama makadirio.

Na hapo ndipo kuna kitu hukukisema. Mgao uliofuata, nani alikuwa anaweka blaindi kubwa? Kama ni yule wa 10,000, alikuwa anakaribia kutoa sehemu ya tano ya chipu zake bila kuangalia karata, na mimi ningetaka zaidi ya 71 kabla ya kufuata. Tuandikie walivyokaa.