Oili ya giaboksi na transfa: angalia kinachotoka kabla ya kujaza

Oili ya injini hakuna anayeisahau. Ukifika gereji, fundi anamwaga, anabadili filta, anabandika stika ya kilomita kwenye kioo, kazi imekwisha. Giaboksi na transfa, yaani boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, zinakumbukwa siku gia imeanza kulia.

Mimi ni dereva wa watalii upande wa Arusha, na Land Cruiser ninayoendesha, ile tunayoiita mkonga, naifanyia sevisi mwenyewe. Injini yake ni dizeli ya 1HZ, gia za mkono. Oili za chini, yaani za giaboksi na transfa, nabadili kila kilomita 40,000, au mapema zaidi kama gari limeingia kwenye maji marefu.

Gari liwe limetembea kidogo ili oili ipate moto, na lisimame mahali tambarare. Usilinyanyue mbele peke yake kwa jeki, utasoma kipimo cha uongo. Mkonga una nafasi ya kutosha, lala chini uingie.

Sasa, kabla hujagusa nati ya kumwagia, fungua ya kujazia. Nimeona gereji fulani oili yote imeshamwagwa, halafu nati ya juu imegoma na kona zake zimelika kwa spana malaya, ile ya kurekebisha. Gari likalala pale pale, haliwezi hata kwenda kwa fundi wa kuchomelea. Tumia ringi spana ya 24 inayokaa sawasawa.

Ukishafungua ya juu, ingiza kidole. Oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu. Hapa ndipo ninapowaomba madereva wenzangu msiwe na haraka. Giaboksi na transfa zimefungwa pamoja, na katikati kuna sili, mpira unaozuia oili isipite. Sili hiyo ikichoka, oili ya giaboksi inahamia transfa kimyakimya. Chini ya gari ni pakavu, hakuna tone, na wewe unaamini mambo safi. Dalili utaiona kwenye tundu: ukifungua transfa oili inamwagika yenyewe, ukienda giaboksi kidole hakigusi kitu. Ndiyo maana kila boksi namwagia kwenye chombo chake, nipime kilichotoka. Wanaomwaga zote kwenye beseni moja wanapoteza ushahidi. Na ukikuta hivyo, oili mpya peke yake haitibu. Transfa ishushwe, sili ibadilishwe. Kama pesa haijapatikana, kagua giaboksi mara kwa mara na uongeze.

Angalia pia rangi. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa imeingia maji. Giaboksi ya moto ikizama mtoni inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na maji yanavutwa kupitia sili au kipumulio, yaani tundu la kupitisha hewa ya boksi. Kipumulio kikizibwa na matope, joto nalo linasukuma oili itoke kwenye sili, kwa hiyo kisafishe. Kwenye nati ya chini, uji wa kijivu wa unga wa chuma ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, hapo mwite fundi.

Oili ya kuweka ni ya unene wa 75W-90 kwa giaboksi hii ya mkono. Dukani watakupa 140 wakikuambia ni nzito, inalinda zaidi. Asubuhi ya baridi kule Karatu utaipigania gia ya pili mpaka ukome. Soma pia daraja la GL kwenye kopo ulinganishe na kitabu cha gari lako, kwa sababu kuna giaboksi ambazo dawa kali za GL-5 zinakula ringi za shaba za ndani. Gari la otomatiki ni habari nyingine, lina oili yake. Usilichanganye na haya.

Rudisha nati za chini zikiwa na washa mpya, zile ringi bapa za kuziba, kisha jaza. Mimi naweka kopo juani kwanza ili oili ilainike, halafu napitisha mpira mrefu kutoka juu na faneli, msaidizi anamimina mimi nikiwa chini. Ikianza kuchuruzika mdomoni, acha ichuruzike mpaka ikome, ndipo ufunge. Harufu yake ni ya kiberiti na haitoki kwenye nguo, kwa hiyo vaa ovaroli.

Tembeza gari kidogo, kwenye barabara ya vumbi uweke fowili (magurudumu yote manne yavute), ya kasi na ya nguvu. Kesho yake likiwa limepoa, pima tena boksi zote mbili.