Aliitwa kibaka kwa maparachichi mawili

Mkuu, umeuliza kama kumwita kijana mhuni kunaweza kumfanya awe mhuni kweli. Kunachangia, tena sana. Howard Becker, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1963 kwamba upotovu haumo ndani ya tendo lenyewe. Ni jina ambalo wenye sauti wanambandika mtu. Kabla yake, mwaka 1951, Edwin Lemert, naye mwanasosholojia wa Marekani, alitenganisha kosa la kwanza, ambalo wengi wetu tulilifanya likapita, na yale yanayofuata mtu akishawekewa alama.

Njoo hapa kwetu Mbeya. Mtaani kwangu, karibu na Mwanjelwa, dogo mmoja alikamatwa na maparachichi mawili ya mama wa genge. Maparachichi, ambayo msimu wake ukifika yanaozea chini! Kuanzia siku ile, ndoo ikipotea anatafutwa yeye. Nguo zikianuliwa kwenye kamba, yeye. Fundi wa gereji aliyekuwa akimfundisha kazi akamwambia asirudi tena. Waliobaki kumwita kwa jina lake ni wale wa kijiweni, basi akahamia huko na kuchukua vyote: kofia ya kushusha usoni, lugha yao, na baadaye bangi. Huko alikuwa mtu.

Sisemi walioibiwa wanyamaze. Na nadharia hii ya kubandikwa jina ina tundu lake: haielezi kwa nini alichukua yale mawili ya kwanza. Njaa, au utoto tu.