Maswali ya Wasomaji: Vitabu vya Fenimore Cooper, tuanzie wapi?

Ndugu Wahariri, nimepata Le Dernier des Mohicans kwa muuza vitabu vya mitumba. Wenzangu wananiambia ni sehemu ya hadithi tano, na kwamba hiki si cha kwanza. Nikiweke kando mpaka nipate vingine? (Mwanafunzi, Kadutu)

Mdogo wetu, soma hicho hicho. Ni kweli viko vitano na vyote vinamfuata mwindaji mmoja, Natty Bumppo, lakini kila kimoja kina kisa chake kinachoanza na kuisha.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mwandishi wake, Mmarekani James Fenimore Cooper, hakuviandika kwa kufuata umri wa Natty. Alianza na Les Pionniers mwaka 1823, Natty akiwa tayari mzee. Le Dernier des Mohicans cha 1826 kinamrudisha katika nguvu zake, kwenye vita vya Waingereza na Wafaransa vya mwaka 1757. Katika La Prairie (1827) anakufa. Miaka 13 baadaye mwandishi akamfufua: Le Lac Ontario kikatoka 1840, na Le Tueur de daims, ambamo ni kijana, mwaka 1841. Anayetaka kufuata maisha yake apange hivi: Le Tueur de daims, Le Dernier des Mohicans, Le Lac Ontario, Les Pionniers, La Prairie.

Ukishapata vingine, sisi tunashauri mpangilio wa kuandikwa. Kijana wa 1841 ni msafi mno, karibu mtakatifu. Ukimzoea huyo, utashindwa kumtambua mzee wa 1823 mwenye jino moja la njano, anayenung'unika kwamba mashoka yamewafukuza wanyama. Na huyo mzee ndiye ambaye Cooper alimjua vizuri zaidi: baba yake, William Cooper, alianzisha mji wa Cooperstown kando ya ziwa Otsego, katika jimbo la New York, na mji wa Les Pionniers umechorwa kutoka hapo.

Andika majina haya kwenye ukurasa wa mbele wa kitabu chako, maana hapo ndipo wengi hupotea: Natty ni Œil-de-Faucon, pia La Longue Carabine, pia Bas-de-Cuir. Rafiki yake Mmohican, Chingachgook, katika uzee wake anaitwa John Mohegan.

Ninafundisha sekondari. Wanafunzi wangu wanachoka na Cooper kabla hata vita havijaanza. Kosa ni la kitabu au ni letu? (Mama mwalimu, Ibanda)

Mama, sehemu ni ya kitabu. Cooper hufungua polepole: ardhi kwanza, historia, ndipo watu. Katika Le Dernier des Mohicans, Natty na Chingachgook hawaonekani mpaka sura ya 3. Waelezee wanafunzi sura mbili za mwanzo kwa mdomo, na ramani ndogo ubaoni yenye mto Hudson, Fort Edward, na Fort William Henry kwenye ncha ya kusini ya ziwa George. Kisha waanze kusoma sura ya 3. Mauaji ya baada ya ngome hiyo ya Fort William Henry kujisalimisha yako sura ya 17, katikati kabisa ya kitabu. Pangeni kufika hapo kabla ya likizo.

Angalia pia toleo mlilo nalo. Kitabu kamili kina sura 33, na kila sura inatanguliwa na mistari ya mshairi, mara nyingi Shakespeare. Kama mistari hiyo haipo au sura ni chache, mna toleo lililofupishwa kwa watoto. Matoleo hayo yanabakiza mbio na bunduki, yanakata mazungumzo ya Natty na Chingachgook kuhusu ardhi ilikuwa ya nani. Hapo kitabu kimeondolewa moyo.

Lakini kama una uhuru wa kuchagua, wape Les Pionniers, hata kwa vipande. Sura ya 22 peke yake inatosha kwa somo zima: njiwa wanapita angani kwa wingi usiohesabika, wanakijiji wanawafyatulia hadi kwa mzinga, na Natty, aliyeua mmoja tu wa kula, anawakemea. Waambie wanafunzi kwamba njiwa wa aina hiyo wa mwisho alikufa mwaka 1914 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati.

Kisha ruka mpaka kesi, sura ya 33. Natty ameua ayala katika msimu uliokatazwa, na amewaelekezea bunduki waliokuja kupekua kibanda chake. Jaji Temple ndiye anayemhukumu, ilhali Natty ametoka tu kumwokoa binti yake jaji kwenye makucha ya puma. Sheria hiyo inalinda msitu kweli, na Cooper hafichi hilo. Ila inamwangukia mtu aliyeishi humo kabla haijaandikwa, huku waliomaliza njiwa wakibaki huru. Darasa la Bukavu, linalojua kwamba Batwa waliondolewa katika msitu wa hifadhi ya Kahuzi-Biega miaka ya 1970, halitakosa la kusema.

Je, ni kweli Wamohicans walikwisha? (Msomaji, Bagira)

Hapana, na jina la kitabu limedanganya watu wengi kwa karibu miaka 200. Wamohicans, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, walisukumwa magharibi mara kadhaa, na leo jumuiya yao ya Stockbridge-Munsee iko katika jimbo la Wisconsin, ina ardhi na serikali yake. Cooper pia alichanganya makabila mawili: Wamohicans wa bonde la Hudson na Wamohegan wa Connecticut. Uncas, jina la kijana anayekufa katika hadithi, lilikuwa la chifu halisi wa Wamohegan katika karne ya 17. Mengi kuhusu kabila la Wadelaware aliyatoa kwa mmisionari John Heckewelder, aliyewapenda na kuwaona Wairokwa kuwa wabaya. Ndiyo sababu makabila ya Cooper yamegawanyika hivyo kati ya wema na waovu. Msome kwa jicho hilo.

Nje ya hivyo vitano, kuna nini cha kusoma? (Msomaji, Nguba)

L'Espion (1821), cha vita vya uhuru wa Marekani, ndicho kilichompa jina. Le Pilote ni cha baharini, na kinaonyesha kwamba aliwahi kuwa katika jeshi la majini. Precaution, cha kwanza kabisa (1820), kiache. Cooper alifariki 1851 na mfasiri wake wa Kifaransa, Defauconpret, 1843, hivyo hakimiliki imekwisha: maandishi ya Kiingereza yanapakuliwa bure Project Gutenberg. Pakua mara moja kwenye simu, usome bila intaneti.