Muflisi na Masurufu ya Nyumba: Nani Alipe Nini?

SWALI

Asalaam aleikum, Mshauri. Mimi ni baba wa watoto watatu na mkaazi wa Kisauni, Mombasa. Nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi ambalo lilielemewa na mikopo hadi wadai wakanifikisha Mahakama Kuu, na mwaka jana nikatangazwa muflisi. Siku hizi naendesha tuktuk ya mtu. Nikishampa mwenyewe hesabu yake na kutia mafuta, hubaki na kama shilingi 25,000 kwa mwezi, na katika hizo natakiwa kuwasilisha 4,000 kwa msimamizi wa ufilisi kwa ajili ya wadai. Mke wangu ni mwalimu na hupokea 42,000 mkononi. Gharama za nyumba, kodi ikiwemo, ni 45,000.

Tulikubaliana kila mmoja atoe nusu, lakini kila mwezi napungukiwa na hujaziliza kwa mkopo wa simu. Mke wangu hanisimangi, ila mimi mwenyewe naona haya kwamba mwanamke ndiye anayenilisha. Sasa amependekeza tufungue akaunti moja ya benki ili tuache kuhesabiana. Naye rafiki yangu ananishauri nimwandikishie mke pikipiki yangu ya zamani, ambayo sikuitaja mahakamani. Je, mshahara wake unaweza kuchukuliwa kwa madeni yangu? Na tugawane vipi?

Baba Watatu, Kisauni

JIBU

Wa aleikum salaam, Baba Watatu. Naanza na hesabu, kwani ndiyo inayokutesa kila mwezi. Nusu ya 45,000 ni 22,500, na wewe ukishatoa fungu la wadai una 21,000 tu. Kwa hiyo hata usinywe kikombe cha kahawa wala kununua vocha mwezi mzima, tayari umepungukiwa na shilingi 1,500, na pengo hilo ndilo unaloliziba kwa mkopo wa simu. Mkopo huo ni hatari kwako kuliko kwa mtu mwengine, kwa kuwa ufilisi wako unahusu madeni yaliyokuwapo ulipotangazwa. Deni unalolichukua leo utabaki nalo hata siku utakapoachiliwa, jambo ambalo chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 kwa kawaida hutokea baada ya miaka 3 tangu mtu awasilishe taarifa ya hali ya mali yake, pasipokuwa na pingamizi.

Acheni nusu kwa nusu, mgawane kwa kadiri ya kile kinachobaki mikononi mwa kila mmoja baada ya fungu la wadai kutoka. Wewe una 21,000, mkeo ana 42,000, yaani yeye ana mara mbili yako. Utoe theluthi moja ya gharama, 15,000, naye atoe theluthi mbili, 30,000. Wewe utasaliwa na 6,000, yeye 12,000, na hapo hakuna sababu ya kugusa mkopo.

Kisha angalieni pato lenu linaingiaje. Lako huja siku kwa siku, la mkeo huja mwisho wa mwezi, na nyumba nazo zina gharama za aina hizo mbili. Shilingi 15,000 kwa siku 30 ni 500 kwa siku. Chukua wewe yale ya kila siku: madumu ya maji, tokeni za stima, mkate wa asubuhi, samaki na mboga za jioni. Mkeo achukue kodi, karo, gesi na vyakula vya jumla kutoka soko la Kongowea. Zile 500 zitenge mara tu unapomaliza kumpa mwenye tuktuk hesabu yake, kabla hujakaa kijiweni. Zipo siku, hasa masika barabara zinapojaa maji, ambazo hutafikisha 500. Siku hiyo andika daftarini kiasi ulicholeta, ili mwisho wa mwezi mpige hesabu upya kwa pato halisi. Daftari hilo litakufaa pia kwa msimamizi wa ufilisi, ambaye ana haja ya kujua familia inahitaji kiasi gani ili kuishi. Pato likishuka, mpelekee daftari umwombe alipitie upya lile fungu la 4,000, wala usiache kulipa kimyakimya.

Kuhusu haya unayoiona: ni kweli kwamba katika Uislamu kumkimu mke ni wajibu wa mume. Lakini Sura ya Talaka, aya ya 7, inamtaka mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyedhikika atoe katika kile alichojaaliwa. Wajibu wako haujaondoka, umepungua kiwango. Na mke wa Ibn Masud, mmoja wa masahaba, alipomuuliza Mtume kuhusu kumpa sadaka mumewe aliyekuwa na uhitaji, alijibiwa kwamba ana malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka. Ninalolisisitiza hapa ni jambo ambalo wanandoa wengi hulikwepa kwa kuoneana haya: semeni sasa hivi kama kile anachokizidisha mkeo ni hisani au ni mkopo. Likiachwa bila kutamkwa, leo ni mapenzi, na siku mkikosana linageuka madai mbele ya Kadhi. Kwa hali yako, nashauri iwe hisani, kwani huna nafasi ya mdai mpya, hata akiwa ni mkeo.

Tena, kutoa si fedha pekee. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani na kulea watoto kuwa mchango. Sheria hiyo inawaruhusu Waislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika suala la mali ya ndoa, lakini kipimo chake ni kizuri kwa yeyote. Siku tuktuk iko gereji, pika, fua, wapeleke watoto madrasa.

Mshahara wa mkeo ni wake. Ufilisi unashika mali ya muflisi, na madeni ya duka hayamfikii isipokuwa aliyatilia saini kama mdhamini au mkopaji mwenza. Muulize, na mpekue karatasi za zamani pamoja. Akaunti moja ya benki ndiyo siiafiki kabisa: nia yake ni njema, lakini fedha zikichanganyika, yeye ndiye atakayehangaika kuthibitisha kwamba shilingi fulani zilitoka kwenye mshahara. Kila mtu abaki na akaunti yake na namba yake ya simu, na kodi itoke moja kwa moja kwake kwenda kwa mwenye nyumba. Wala usikope kwa jina lake, si benki, si kwenye chama chake.

Imebaki pikipiki. Rafiki yako anakutafutia kesi. Kumhamishia mtu mali ili wadai wasiione ni kosa la jinai, uhamisho wenyewe unaweza kubatilishwa, na mkeo atakuwa ameingizwa katika jambo asilolianzisha. Sheria humwachia muflisi vyombo vya lazima vya nyumbani na zana anazozihitaji kwa kazi yake, kwa hiyo friji na vitanda visikukoseshe usingizi; pikipiki usiyofanyia kazi ni habari nyengine. Nenda kwa msimamizi wiki hii, umwambie ipo na iko wapi, na umwombe aiongeze kwenye taarifa yako kabla hajaisikia kwa mtu mwengine.