Maswali na Majibu: Kayaki ya Ziwa, Kayaki ya Mto

Maswali ya kayaki yamerundikana, na nusu yake ni swali moja lililovaa nguo tofauti. Nimeanza na hilo ili tumalizane nalo.

"Kayaki ipi ni nzuri na bei poa?" (Mwanza, Thika, Dodoma na wengine wengi)

Sijui, na muuzaji anayekujibu papo hapo hajui pia. Niandikie mambo manne: utapiga kafi kwenye maji gani, una kilo ngapi (za mizani ya leo, si za ujanani), unabeba nini, na chombo utakifikishaje majini. Kisha jiulize la tano, ambalo hakuna anayeliuliza: ikipinduka mita 300 kutoka nchi kavu, utarudije ndani? Watu huchagua kayaki kwa jinsi inavyoonekana ikiwa imekaa sawa. Ichague ikiwa kichwa chini, na nusu ya matangazo unayonitumia yataanguka yenyewe.

"Nina kilo 92 na navua samaki. Nimeona kayaki ya kukalia juu, mita 3, imeandikwa inabeba kilo 130. Itanifaa, au nichukue ya kuingia ndani ili nisilowe?" (Musoma)

Tuanze na hesabu. Kilo 130 ni uzito ambao kiwanda kinasema chombo bado kitaelea. Kuelea ni jambo moja, kwenda ni jingine. Chukua asilimia 70 ya namba hiyo, unapata 91. Wewe peke yako umeshapita, na bado hujapakia kitu. Sanduku la barafu, nanga, fimbo mbili, betri, maji ya kunywa lita tano: hapo kuna kilo 25 bila ubishi. Jumla 117. Gawanya kwa 0.7, inakuja 167. Kwa hiyo tafuta iliyoandikwa kilo 170 kwenda juu. Mara nyingi itakuwa na urefu wa mita 3.6 hadi 4 na upana wa sentimita 80 au zaidi, na yenyewe itakuwa na kilo 30 na ushei, kwa hiyo weka na bei ya toroli. Toroli iwe ya kufunga kwa mkanda chini ya tumbo. Zile zenye vijiti vya kuchomeka kwenye mashimo ya kumwagia maji hupasua plastiki palepale inapokuwa nyembamba.

Ukipuuza hesabu, mashimo hayo yatatoa maji kwenda juu badala ya kuyashusha, utakalia dimbwi siku nzima, tezi, yaani nyuma ya chombo, itadidimia, na wimbi la ubavuni litapanda bila kubisha hodi. Wengi huyaziba kwa vizibo wakae pakavu. Maji yanayoingia kwa juu sasa yatokee wapi?

Kwa uvuvi wa karibu na ufukwe, ya kukalia juu ndiyo yako. Ikipinduka unashika ukingo wa upande wa pili, unaivuta igeuke, unapiga miguu hadi ulale kifudifudi katikati yake, unazungusha makalio hadi kitini, miguu inaingia mwisho. Fanya zoezi hilo kwenye maji ya kifua, umevaa jaketi, kabla hujafunga hata fimbo moja. Ukitoka majini fungua kizibo cha tumbo kila mara. Ikitoka zaidi ya kikombe, kifuniko au bomba la fimbo linavuja, na maji yanayocheza ndani ya tumbo huipindua kayaki ukiwa hujui kwa nini.

Ile ya kuingia ndani ya mita 3, tundu kubwa, haina kuta za kuzuia maji, ndiyo ninayoipiga vita kila ninapopata nafasi. Ikijaa inabeba zaidi ya kilo 150 za maji, na kwenye mawimbi huwezi kuyachota haraka kuliko yanavyoingia. Madukani wanaiita ya familia! Kama tayari unayo, nunua mifuko miwili ya hewa, mmoja omo (mbele) na mmoja tezi, uifunge isichomoke, na usiende mbali kuliko unavyoweza kuogelea.

Kuhusu kulowa: utalowa. Victoria haitakugandisha. Cha kuhofia ni kichocho kwenye ghuba zenye maji yaliyotulia, majani na konokono. Kapime, na daktari akikuandikia praziquantel, meza.

"Rangi gani haiwavutii viboko na mamba?" (Kisumu)

Hakuna. Rangi ni kwa ajili ya wenye injini. Chukua njano, chungwa au nyekundu, uache kijani na buluu ambazo nahodha wa boti hazioni mpaka azikanyage, hasa magugu maji yakitanda.

Kiboko anataka njia yake ya kwenda kwenye kina. Usikae kati yake na kina, usibanane na matete alfajiri wala jioni, na ukikaribia kona usiyoiona gonga ubavu wa kayaki kwa kafi ajue uko wapi. Kuhusu mamba, hakuna kayaki inayokinga. Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, aliyeifahamu mito mikubwa ya Afrika kuliko wengi, alichukuliwa na mamba kutoka ndani ya kayaki yake kwenye mto Lukuga, Kongo, Desemba 2010, wenzake wawili wakiwa karibu. Kabla ya kushusha chombo waulize wavuvi wa mwalo huohuo. Wa mwalo wa jirani watakuambia habari za mwalo wao.

"Shikamoo. Tuko wawili, tunataka kupiga kafi kutoka Kigoma hadi Gombe na mizigo ya kulala. Kayaki za mita 3.5 zinatosha? Na kipi bora, usukani au pezi?" (Kigoma)

Marahaba. Hazitoshi. Ni kama kilomita 16 kwenda, na Gombe ni hifadhi ya taifa, hivyo malazi na vibali pangeni na TANAPA mapema, si mkishafika na mahema. Kayaki ya mita 3.5 yenye upana wa sentimita 75 mtaisukuma kwa kilomita 4 kwa saa na kuchoka. Ya mita 5 yenye upana wa 56 hadi 60 itawapa 5 hadi 6 kwa jasho lilelile.

Lakini mwendo si hoja yangu. Hoja ni upepo wa kusi. Kuanzia Mei hadi Septemba unavuma kufuata urefu wa ziwa, na ziwa lenyewe lina zaidi ya kilomita 600, kwa hiyo wimbi lina nafasi ya kukua. Mkienda Gombe, kaskazini, mnasukumwa mgongoni na mnajiona mabingwa. Kurudi ni uso kwa uso. Pangeni safari kwa nguvu za kurudi, ondokeni alfajiri, na muwe na siku moja ya akiba ya chakula. Jambo la pili ni kina. Tanganyika inashuka hadi mita 1,470, na sehemu nyingi za ufukwe zinaporomoka ghafla. Hatua chache tu kutoka kwenye mawe hamna pa kusimama, kwa hiyo lazima mjue kurudi ndani ya chombo kwenye maji yasiyo na sakafu.

Basi iwe kayaki ya safari yenye kuta mbili za kuzuia maji, moja mbele ya miguu na moja nyuma ya kiti, vifuniko vya mpira, kamba za kushikia pande zote za sitaha, na sketi ya kufunika tundu. Kila mmoja awe na pampu ya mkono. Mizigo mizito, yaani maji na vyakula vya kopo, ikae karibu na kiti na chini kabisa. Mahema na nguo ziende kwenye ncha. Ukipakia tezi nzito kuliko omo, omo inainuka na upepo unaigeuza unavyotaka.

Usukani au pezi? Nachagua pezi, lile bapa la chini ya tezi linaloshushwa na kupandishwa. Upepo wa ubavuni, lishushe nusu; wa mgongoni, lote; wa usoni, lipandishe. Ubaya wake ni kokoto. Ukiondoka ufukwe wa changarawe, jiwe dogo huingia kwenye mfereji wake, linakwama, na huwezi kuligusa ukiwa umekaa. Toboa tundu dogo kwenye ncha ya pezi, funga kitanzi cha uzi wa nailoni, na mwenzio atalivuta mkiwa majini. Usukani unasaidia kayaki ndefu ya watu wawili, ila waya zake hukatika, na pedali zinazocheza hukunyima pa kukaza miguu. Anayeutumia kuficha kwamba hajui kugeuza kwa kafi ataumbuka siku waya ikikatika.

"Nataka kayaki moja itakayonifaa Ziwa Victoria na maporomoko ya Jinja." (Kampala)

Hiyo ni kutaka viatu vya harusini vya kulimia. Ya mto wa kasi ni fupi, mita 2.4 hadi 2.7, mkuku wake, yaani uti wa chini, umepinda omo na tezi ili igeuke upesi na isichimbe chini ya wimbi. Ziwani itazunguka kila ukipiga kafi. Ya ziwa ni ndefu na imenyooka; kwenye mto ncha zake mbili zitashika mawe mawili, maji yatasukuma katikati, na wewe uko ndani.

Kuna zile za katikati, mita 3 hivi, zenye pezi la kushusha. Ziwani ni konokono, mtoni zinakwenda hadi daraja la 3 kati ya 6 za ukali wa maji. Kwa mto wenye vipande virefu vilivyotulia ni chaguo zuri. Kwa Nile ya Jinja, kayaki ya mto ikodi ukiwa na mwalimu, ya ziwa inunue. Na usipange kwa video za zamani: bwawa la Bujagali lilizamisha maporomoko yake mwishoni mwa 2011, la Isimba likafuata baadaye na kumeza mengine.

"Naishi ghorofa ya nne. Kayaki ya kujaza upepo itanifaa Naivasha?" (Nairobi)

Itafaa asubuhi. Inakaa juu ya maji kuliko kuzama ndani yake, kwa hiyo upepo wa mchana wa Naivasha utaipeleka unakotaka wenyewe. Saa tano uwe umeshatoka.

Epuka zile za plastiki nyembamba zinazouzwa pamoja na mabwawa ya watoto. Tafuta yenye vyumba vya hewa visivyopungua vitatu na valvu inayopokea pampu yenye geji. Mirija ya kawaida inajazwa hadi mgandamizo wa bar 0.2 hivi, sakafu ngumu, iliyoshonwa kwa nyuzi ndani, inakwenda 0.4 hadi 0.7 kadiri ilivyoandikwa. Bila geji utajaza kwa kidole, na kidole hudanganya. Ukiipandisha ufukweni wakati wa chakula, toa upepo kidogo: hewa iliyojazwa kwa joto la nyuzi 20 ikifika 50 juani, 0.2 yako inakuwa kama 0.3, na viungio huachia kwanza pembeni mwa kiti.

Naivasha ina jambo lake jingine, miiba ya migunga. Imejaa ufukweni, na tangu ziwa lipande kuna visiki vya migunga iliyozama. Tandika turubai kabla ya kuikunjua, beba viraka na gundi, na ikaushe kabisa kabla ya kuirudisha ghorofani, la sivyo utafuga ukungu.

"Sijui kuogelea, lakini nitavaa jaketi. Inatosha?" (Bukoba)

Haitoshi. Jifunze kwanza, kayaki itakusubiri. Na jaketi liwe la povu, la saizi yako. Funga mikanda, mwenzio alivute juu kwa mabega. Likifika masikioni, si lako. Lile kubwa la chungwa la kwenye kivuko litakuelesha vizuri na kukuzuia kupanda tena.

"Kafi liwe na urefu gani?" (Morogoro)

Linategemea upana wa chombo kuliko kimo chako. Upana wa sentimita 60, kafi la 210 hadi 220. Upana wa 75 na kuendelea, 230 hadi 240. Ukigonga ubavu kila pigo, ni fupi. Na kafi usilinunue kwa makombo ya pesa yaliyobaki. Ndilo utakalolinyanyua maelfu ya mara kwa siku, kwa hiyo kila gramu utaisikia begani.

"Ya watu wawili kwa mimi na mke wangu?" (Iringa)

Nunueni mbili.

"Hoteli ya ufukweni inauza kayaki za plastiki zilizotumika, rangi zimepauka. Niangalie nini? Naipeleka Ziwa Nyasa." (Dar es Salaam)

Kupauka ndiko kunakonitisha. Jua huua plastiki hii kabla ya mawe. Omba ruhusa ukwangue ukingo kwa kisu kikali: ikitoka kama ukanda unaojikunja, bado hai, ikitoka unga, iache hata wakikupa bure. Kisha weka jicho kwenye omo uangalie mkuku hadi tezi. Bonde lililotokana na mikanda kukazwa si kosa kubwa. Iache tumbo juu juani saa kadhaa, mwagia maji ya moto, sukuma kwa ndani.

Nyufa zitafute sehemu tatu: chini ya kiti, kuzunguka mashimo ya kumwagia maji, na tezi chini, ambapo wafanyakazi huburuta. Ikiwa zimejazwa gundi, hakuna aliyezitengeneza, maana plastiki hii haishiki gundi. Inachomelewa kwa joto na kipande cha plastiki ya aina yake, kazi anayoijua fundi wa kuchomelea matenki ya maji, maana matenki yale ni ya jamii hiyohiyo ya plastiki. Ufa wa kwenye ukingo ulio mkavu namwachia. Ufa wa kwenye shimo la kumwagia maji siununui.

Mwisho mimina lita kumi ndani ya tumbo, funga, iweke juu ya stuli mbili, iinamishe kila upande na uiache dakika kumi juu ya saruji kavu. Muuzaji akikataa maji yasiguse ndani ya kayaki yake, umeshapata jibu.