Uchumba wa kuigiza? Upeleke Iten

Dada, umeuliza kama hadithi ya wachumba wa uongo inaweza kuaminika katika mji mdogo wa wanamichezo huku Kenya, au ni mambo ya Marekani tu. Inaweza sana, na mimi ningeipeleka Iten. Mji uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa Bonde la Kerio, na wakimbiaji wamejaa barabarani kabla jua halijachomoza. Siri haikai pale. Mkimbiaji akionekana mara mbili na binti wa mwenye kibanda cha chai, kundi zima la mazoezi litakuwa limeshawaozesha.

Lakini pete peke yake haitoshi. Kwa Wakalenjin, wenyeji wa huko, kuna koito, sherehe ya uchumba: wazee wa pande mbili wanakaa, wanaulizana koo, wanajadili mahari ya ng'ombe. Hapo ndipo utamu ulipo. Wawili walidhani wanadanganya watu hadi msimu wa mbio uishe, kumbe baba mdogo ameshaanza kutaja ng'ombe! Mwandishi asipowaleta wazee, kitabu chake nakifunga.

Na penzi liende polepole, tafadhali. Binti amsubiri mkimbiaji wake na chupa ya maji kwenye vumbi jekundu. Busu linaweza kungoja. Kijana akirudi na ushindi, mama mkwe wa uongo ndiye amnyweshe mursik, yale maziwa yaliyochachuka, uwanja wa ndege wa Eldoret, mbele ya kamera, halafu tuone nani atathubutu kusema ukweli.