Maswali ya Wasomaji: Nani alipie shule, na nani awe mfano wetu?

SWALI

Shikamoo Mhariri. Mimi ni msichana wa miaka 16, ninasoma Kidato cha Tatu katika shule ya kata ya kutwa, nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Katika mdahalo wa darasa letu nilisimama upande uliosema kwamba wanamuziki, wachezaji wa mpira na wanasiasa walazimishwe kwa sheria kutoa sehemu ya kipato chao kuendesha shule za Serikali, kwa kuwa sisi ndio tunaowashangilia na kuwatajirisha. Tulishindwa kwa kura, lakini mpaka leo sijaona nilipokosea. Maabara yetu ina meza nzuri na masinki yasiyotoa maji, na majaribio ya kemia tunayaona yakichorwa ubaoni. Tunaambiwa elimu haina ada, lakini nyumbani tunadaiwa fedha za mlinzi, fedha za mitihani ya majaribio na debe la mahindi la chakula cha mchana. Mwaka jana kiongozi mmoja alituletea mabati na mifuko ya saruji, tukamwimbia, na tangu siku hiyo ninasema wazi kwamba yeye ndiye mfano wangu, maana ndiye pekee aliyetukumbuka. Wenzangu wananicheka kwamba nimenunuliwa kwa mabati. Je, nani kati yetu ana haki? Na kwa nini shule ikose fedha wakati kila siku tunasikia kwamba zimetolewa?

Mwanafunzi, Dodoma

JIBU

Marahaba, binti yangu. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, nami nitaanza na lile la fedha, kwa sababu nimegundua kwamba midahalo mingi kuhusu watu maarufu na shule hufanyika bila mtu yeyote ukumbini kujua shule inaendeshwa kwa fedha gani.

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, uliwaondolea wazazi ada ya sekondari hadi Kidato cha Nne, ambayo kwa mwanafunzi wa kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka na kwa wa bweni shilingi 70,000. Kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 nafuu hiyo ikafika pia Kidato cha Tano na cha Sita. Ada ile haikuyeyuka. Serikali huipeleka shuleni kwa jina la fidia ya ada, na juu yake huweka ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 25,000 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, ambayo nusu yake huingia katika akaunti ya shule na nusu nyingine hutengwa kwa ajili ya vitabu. Sasa chukua kalamu. Shule ya kutwa yenye wanafunzi 600 inapaswa kupata kwa mwaka shilingi 12,000,000 za fidia na shilingi 7,500,000 za ruzuku, yaani jumla ya shilingi 19,500,000, ambazo ukizigawa kwa miezi 12 ni shilingi 1,625,000 kwa mwezi. Mishahara ya walimu hailipwi humo, kwa kuwa hiyo hulipwa moja kwa moja na Serikali Kuu.

Kwa mtoto wa Kidato cha Tatu fedha hizo zinaweza kuonekana nyingi, lakini kaa upande wa mkuu wa shule kwa mwezi mmoja tu. Kuna rimu za karatasi na wino wa kudurufia mitihani ya wanafunzi 600, kuna umeme wa LUKU, kuna ankara ya maji pale ambapo bomba limefika, kuna madawati yaliyovunjika na kitasa cha ofisi, kuna nauli ya mwalimu anayepeleka taarifa halmashauri, kuna michezo, na kuna dharura za wasichana ambazo wewe unazijua kuliko mimi. Mwalimu wa kemia anapofika kuomba nitrati ya fedha, ambayo mnaihitaji kutambua kloridi katika jaribio la uchambuzi, anaambiwa asubiri, kwa sababu chupa ndogo ya kemikali hiyo ni ghali na mtihani wa muhula uko wiki ijayo. Hapo hakuna aliyeiba. Ni hesabu tu isiyotosha, na ndiyo maana mlinzi, ambaye katika shule nyingi za kutwa hayumo katika orodha ya watumishi wanaolipwa na Serikali, huangukia mifukoni mwa wazazi.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa mngelijadili katika mdahalo wenu kuliko magari ya wanamuziki. Ruzuku ya shule za msingi ilipowekwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ilipangwa kuwa dola 10 za Marekani kwa kila mtoto, ambazo wakati huo zilikuwa karibu shilingi 10,000. Viwango vilipotangazwa upya kwa ajili ya mwaka 2016 kiasi kilikuwa kile kile cha shilingi 10,000, ingawa dola moja ilikuwa imekwisha kupita shilingi 2,000. Chaki na karatasi hazikusubiri. Anayetaka kujua kwa nini fedha hutolewa na bado shule inabaki na upungufu aanzie hapo.

Tuje kwenye hoja yako ya sheria. Sheria ya kumlazimisha mtu maarufu kuchangia shule ipo tayari, nayo ni sheria ya kodi, isiyouliza kama mtu anajulikana au hajulikani bali inauliza amepata kiasi gani. Wewe mwenyewe huchangia, kwa kuwa ndani ya bei ya vocha ya simu ya mama yako na ya sabuni ya kiwandani mnayofulia sare imo Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 kwa Tanzania Bara. Ukitunga sheria nyingine ya watu maarufu peke yao, itakubidi kwanza uamue umaarufu unaanzia wapi, na hilo peke yake litawapa mawakili kazi ya miaka mingi. Hata ukifaulu, utakuwa umeifunga shule yako kwenye kipato ambacho mwaka huu ni kikubwa kwa sababu wimbo umependwa na mwaka ujao ni kidogo kwa sababu mashabiki wamehamia kwa mwingine, wakati Kidato cha Kwanza huingia kila Januari bila kujali nani anavuma redioni. Wenzako waliokushinda kwa kura walikuwa na hoja, ingawa sina hakika kama waliisema.

Zawadi ina mipaka mingine, nayo wewe unaikalia kila siku katika maabara yenu. Mwishoni mwa mwaka 2012 Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, na kwa miaka miwili na zaidi iliyofuata wananchi walichangishwa, viongozi walipigwa picha wakibeba tofali, na majengo yakasimama kwelikweli nchi nzima. Jengo lina siku ya kuzinduliwa na utepe wa kukatwa. Kemikali, mtungi wa gesi na fundi wa maabara havina siku hiyo, na sijawahi kuona mgeni rasmi akialikwa kuzindua bomba la sinki. Hata pale michango inapofanya kazi nzuri, kama ilivyokuwa kwa shule ya wasichana ya Bunge iliyoko Kikombo, ambayo ujenzi wake ulihamasishwa na wabunge wanawake, baada ya makabidhiano ni Serikali inayopaswa kupanga walimu na kulipia uendeshaji mwaka baada ya mwaka.

Sasa kiongozi wako wa mabati. Wenzako wanakosea kukucheka, kwa sababu kumshukuru mtu aliyeleta kitu shuleni ni adabu, na darasa lisilovuja ni darasa lisilovuja. Hata hivyo, kabla hujamfanya mfano wako, jua kwamba tangu mwaka 2009 ipo sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao fedha zake hutoka katika bajeti ya Serikali na kugawanywa kwa kila jimbo, na kamati inayoamua zitumike wapi huongozwa na mbunge wa jimbo hilo. Mabati na saruji ni miongoni mwa vitu vinavyonunuliwa sana kwa mfuko huo, na halmashauri nazo hununua vifaa kama hivyo kwa mapato yao ya ndani. Simsemi kiongozi wenu, kwa kuwa simjui na inawezekana kabisa kwamba alitoa mfukoni mwake. Ninachokuomba ni uulize. Kama ni fedha zake, ni mkarimu. Kama ni fedha za mfuko, alitimiza kazi aliyopewa, jambo ambalo nalo lina heshima yake, lakini nyimbo mlizoimba mngeziimbia pia wazazi wenu waliolipa kodi. Kiongozi anayesema mbele ya wanafunzi, bila kuulizwa, kwamba vifaa hivi vimenunuliwa kwa fedha za umma, huyo ningekuruhusu umwige bila masharti.

Kuhusu nani wa kuigwa, nitakupa watu wawili ambao kwa maoni yangu wanajibu swali lako kuliko orodha ya matajiri. Rebeca Gyumi alizaliwa hapahapa Dodoma, na akiwa mwanasheria kijana alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Alishinda mwaka 2016, Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali ushindi wake. Hakuna shule aliyoijengea ukuta kwa kesi hiyo, lakini kila dawati lililobaki na msichana ambaye angeozwa ni dawati ambalo fedha zake hazikupotea. Wa pili ni mchezaji wa Uingereza, Marcus Rashford, ambaye Juni 2020, akiwa na miaka 22, aliwaandikia wabunge wa nchi yake barua ya wazi akitaka watoto wa familia maskini waendelee kupewa chakula wakati wa likizo ya kiangazi, na siku iliyofuata serikali ya huko ikabadili uamuzi wake kwa manufaa ya watoto wapatao milioni 1.3. Angeweza kununua chakula yeye mwenyewe akapigwa picha na masanduku, na kwa kweli alishirikiana pia na shirika la kugawa chakula; lakini kilichowafikia watoto wengi kiasi kile ni kwamba alitumia jina lake kuifungua bajeti ya serikali. (Ukipenda mwanamichezo wa nyumbani, yupo Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 na baadaye akaanzisha shule, ila hizo ni shule binafsi za kulipia, kwa hiyo mfano wake ni wa bidii na wala si jibu la tatizo la shule yenu.)

Kwa hiyo usiiache hoja yako yote. Acha neno “walazimishwe,” ubaki na swali la kumuuliza kila mtu maarufu anayefika shuleni kwenu: sauti yako umeitumia kudai nini kwa ajili yetu? Na wewe usisubiri uwe maarufu. Taarifa ya fedha zilizopokelewa na kutumika shuleni inatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Itafute, uiweke kando ya ile hesabu ya shilingi 1,625,000 ukiirekebisha kwa idadi ya wanafunzi wenu, kisha upeleke swali kwa adabu kupitia serikali ya wanafunzi, ili mkuu wa shule alifikishe kwenye bodi. Usianze kwa kumtuhumu. Mara nyingi mkuu wa shule atafurahi kupata mtu wa kumwonyesha fedha ambazo hazijafika. Isitoshe, mnaishi katika mji ambao kila mwaka kati ya Aprili na Juni bajeti ya nchi nzima hujadiliwa, na wanafunzi hukaribishwa jukwaa la wageni bungeni mara kwa mara. Mwombeni mwalimu wenu wa Uraia awapeleke siku ya makadirio ya TAMISEMI, yaani ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa sababu hiyo ndiyo siku ambayo shule kama yenu inazungumzwa kwa tarakimu.

SWALI

Mheshimiwa Mhariri, mwanangu wa darasa la sita alirudishwa nyumbani kwa sababu sikupeleka mahindi na fedha ya mpishi. Mavuno yalikuwa mabaya. Je, ni halali?

Mzazi, Kondoa

JIBU

Chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi, na Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 unasema hivyo, kwa hiyo shule haikukosea kuwaomba mchango. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango ni jambo jingine, nalo haliruhusiwi. Mrudishe darasani kesho asubuhi, wewe mwenyewe ukiwa naye, na umwombe mwalimu mkuu jambo lako liingie katika kikao cha kamati ya shule, mahali ambapo unaweza kupendekeza ulipe kwa mtama au uwele badala ya mahindi, au kwa kuni na siku za kazi jikoni, kama wanavyokubaliana wazazi katika vijiji vingi vya mkoa huu mvua zinapokataa. Chochote utakachotoa, omba stakabadhi. Ukikataliwa, nenda kwa Afisa Elimu Kata, na baada yake ofisi ya Mkurugenzi wa Halmashauri, ukiwa na barua yenye tarehe ambayo mtoto alirudishwa.